Joto Huongeza Kasi, Haliongezi Nguvu: Somo la Bakteria Anayeteleza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, tunaowaona na tusiowaona. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na masahaba zake. Amma baad.



Katika ukurasa huu wa elimu nimechagua safari hii kiumbe mdogo sana. Elfu moja wao wakipangwa mstari mmoja, kichwa kwa mkia, hawafikishi urefu wa milimita moja. Hana miguu kama yetu, hana mkia wa kusukumia maji, lakini anatembea juu ya kioo, na kwa ukubwa wake anakwenda mbio. Swali la somo letu ni hili: halijoto ikipanda, mwendo wake unabadilikaje?

Wengi watajibu haraka kwamba joto humwongezea kasi. Jibu hilo ni sahihi, ila ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba nguvu yake haiongezeki. Kasi na nguvu ni vitu viwili, na watafiti waliovipima kila kimoja peke yake walifungua mlango wa kuelewa jinsi kiumbe huyu anavyofanya kazi ndani yake. Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Sayansi tunaisoma kwa Kiingereza darasani, lakini jambo ambalo huwezi kumweleza ndugu yako mkiwa mmekaa Nyamirambo baada ya swala, huenda hujalielewa bado.

Malengo ya somo

Mwisho wa somo hili, in shaa Allah, msomaji ataweza:

1. Kueleza maana ya bakteria kuteleza na kutofautisha mwendo huo na kuogelea.
2. Kueleza jinsi halijoto inavyobadilisha kasi ya bakteria huyu, kwa tarakimu.
3. Kutofautisha kasi na nguvu, na kueleza tofauti hiyo inatufundisha nini.
4. Kujua kwa nini kipimo cha kasi kisichoandikwa pamoja na halijoto yake ni ushahidi pungufu.

1. Kuteleza ni nini?

Bakteria wengi tunaowasoma mwaka wa kwanza huogelea. Wana nyuzi ndefu ziitwazo flajela, zinazozunguka kama parafujo na kuwasukuma majini. Bakteria wanaoteleza hawatumii flajela. Lazima wagusane na kitu kigumu, kama kioo, jiwe, gamba la samaki au ngozi ya ndani ya koo, ndipo waende. Ukiwaangalia kwa hadubini utaona wanasonga taratibu na kwa ulaini, bila kurukaruka, kana kwamba kioo kimepakwa mafuta.

Kuteleza si njia moja. Kuna makundi mbalimbali ya bakteria wanaoteleza, na kila kundi lina mtambo wake. Kundi la Flavobacterium lina protini zinazokimbia juu ya uso wa seli kama mkanda wa mashine. Sainobakteria wenye umbo la uzi, kama Oscillatoria, huteleza huku uzi wao ukijizungusha. Bakteria wetu wa leo ana mtambo wa aina nyingine kabisa.

Suratun Nur, aya ya 45, inatukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ameumba kila kiendacho kutokana na maji: wapo waendao kwa matumbo, wapo wa miguu miwili, wapo wa minne, na Yeye huumba atakacho. Sisemi kwamba aya hii inazungumzia bakteria. Tusiibebeshe Qur'ani nadharia ambazo kesho zinaweza kusahihishwa. Ninachosema ni kwamba aya inatuelekeza kutazama namna viumbe wanavyokwenda, na hilo ndilo tunalolifanya hapa.

2. Mycoplasma mobile ni nani?

Bakteria wetu anaitwa Mycoplasma mobile. Alitengwa kutoka kwenye matamvua ya samaki wa maji baridi huko Ujerumani, na habari zake zikachapishwa mwaka 1984. Umbo lake ni kama chupa yenye shingo, urefu wake kama mikromita 0.8, na hutangulia upande wa shingo.

Kama jamaa zake wote wa Mycoplasma, hana ukuta wa seli. Ana utando tu. Jambo hili lina maana kubwa kwa wenzetu wa udaktari na wa mifugo. Penisilini hufanya kazi kwa kuharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria, na asiye na ukuta haidhuriki nayo. Ndiyo maana Mycoplasma pneumoniae, anayesababisha homa ya mapafu kwa binadamu, hatibiwi kwa penisilini. Huyo naye huteleza, ingawa polepole zaidi kuliko M. mobile. Ndugu mwingine wa ukoo huu, Mycoplasma mycoides, anajulikana kwa uchungu na wafugaji wa ukanda wetu, kwani ndiye chanzo cha homa ya mapafu ya ng'ombe. Yeye hatelezi.

Mtambo wa M. mobile uko shingoni. Hapo kuna mamia ya vijiguu vya protini. Protini inayofanya kazi ya mguu inaitwa Gli349. Vijiguu hivi hushika sukari maalumu iliyo juu ya uso wa kitu, iitwayo asidi ya siali, vikavuta, vikaachia, kisha vikashika tena mbele. Nishati hutoka kwenye ATP, ile ile inayoendesha misuli yako unapopanda kilima cha Kigali.

Tunajuaje kwamba ni ATP? Mwaka 2005 Atsuko Uenoyama na Makoto Miyata wa Japani walichapisha jaribio la kustaajabisha. Walitumia kemikali ya aina ya sabuni kutoboa utando wa seli, vilivyomo ndani vikavuja, seli zikasimama. Hazikuwa hai tena. Kisha wakaongeza ATP, na maganda yale yakaanza kuteleza upya kwa kasi inayolingana na ya seli hai. Yaani mtambo ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni nishati tu.

3. Kasi na halijoto: tarakimu zinasema nini?

Mwaka 2002 Makoto Miyata, William Ryu na Howard Berg walichapisha vipimo vya kasi na nguvu ya M. mobile katika halijoto mbalimbali. Matokeo ya kasi ni haya:

Nyuzi 11.5 za Selsiasi: mikromita 0.46 kwa sekunde.
Nyuzi 22.5: mikromita 2.3 kwa sekunde.
Nyuzi 27.5: mikromita 3.3 kwa sekunde.
Nyuzi 36.5: mikromita 4.0 kwa sekunde.

Kati ya nyuzi 11.5 na 36.5, kasi ilipanda kwa kufuata mstari ulionyooka. Kutoka ncha hadi ncha, kasi imeongezeka karibu mara tisa. Ukigawanya ongezeko lote la 3.54 kwa nyuzi 25, unapata wastani wa mikromita 0.14 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Tahadhari lakini: ukitumia ncha mbili hizo peke yake kukisia kasi ya nyuzi 22.5, utapata kama 2.0 badala ya 2.3. Vipimo halisi hutawanyika juu na chini ya mstari. Mwanafunzi anayechora mstari kwa nukta mbili tu anajidanganya.

Tuzilete tarakimu hizi kwenye maisha yetu. Kwa nyuzi 27.5, bakteria huyu anapita urefu wa mwili wake zaidi ya mara nne kila sekunde. Mtu wa kimo cha mita 1.7 akifanya hivyo atakwenda mita 7 kwa sekunde, yaani kilomita 25 kwa saa. Wachache kati yetu wanaweza kukimbia hivyo kwa muda mrefu, na yeye habebi hata mapafu. Hata hivyo, kwa saa nzima atakuwa amesafiri milimita 12 tu, kama upana wa kidole.

4. Je, si maji tu yamekuwa mepesi?

Mwanafunzi wa fizikia atainua mkono hapa. Maji yakipata joto hupungua mnato, yaani huwa mepesi kupita. Huenda bakteria hana mabadiliko yoyote, ila njia imekuwa laini?

Ni swali zuri, na linajibika kwa hesabu. Kati ya nyuzi 11.5 na 36.5, mnato wa maji hupungua kwa chini ya mara mbili. Kasi ya bakteria imeongezeka karibu mara tisa. Mara mbili haiwezi kueleza mara tisa.

Kuna hoja ya pili, yenye nguvu zaidi. Kitu chenye upana wa chini ya mikromita moja, kikipita majini kwa mikromita 3 kwa sekunde, hupata ukinzani mdogo mno, sehemu ndogo sana ya pikonyutoni moja. Na kama tutakavyoona, bakteria huyu anaweza kuvuta kwa pikonyutoni 26. Nguvu aliyonayo ni mamia ya mara zaidi ya ile anayoihitaji kupita majini. Basi maji hayamzuii. Ni kama kumpa mchukuzi wa mizigo wa sokoni kikapu kitupu: akitembea polepole, usikilaumu kikapu.

Kinachoamua kasi kiko ndani ya mtambo wenyewe: jinsi kila kijiguu kinavyomaliza mzunguko wake wa kushika, kuvuta na kuachia. Mzunguko huo ni mfululizo wa mabadiliko ya kikemia, na mabadiliko ya kikemia huharakishwa na joto, kama alivyoeleza Mswidi Svante Arrhenius mwaka 1889. Kwa viumbe hai, kanuni ya kukadiria ni kwamba nyuzi 10 zaidi huongeza kasi ya mabadiliko mara mbili hadi tatu. Linganisha na vipimo vyetu: kutoka 2.3 hadi 3.3 ni mara 1.43 kwa nyuzi tano, na 1.43 ikizidishwa kwa 1.43 inatoa kidogo zaidi ya 2. Tumo ndani ya kanuni.

5. Nguvu yake je?

Kumpima bakteria nguvu si kazi rahisi. Watafiti wale walitumia njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa mkondo wa maji. Walimbandika bakteria kishanga kidogo cha plastiki mkiani. Kwanza walihakikisha kwamba mwenye kishanga anakwenda kasi sawa na asiye nacho. Kisha wakapitisha maji. Bakteria wakageuka wakaelekea mkondo unakotoka, wakaendelea kupanda lakini kwa kasi iliyopungua. Kadiri mkondo ulivyowavuta zaidi, ndivyo kasi ilivyoshuka, kwa mstari ulionyooka. Ukiuendeleza mstari huo mpaka kasi iwe sifuri, unapata nguvu ya kumsimamisha. Ilikuwa pikonyutoni 26 kwa nyuzi 22.5. Na kwa nyuzi 27.5? Ilikuwa pikonyutoni 26 vilevile.

Njia ya pili ilikuwa koleo la mwanga, yaani miale ya leza iliyokusanywa mahali pamoja ikashika kishanga kama vidole. Bakteria akivuta, koleo linamrudisha, mpaka anashindwa. Katika halijoto ya nyuzi 17.5 hadi 27.5, nguvu ya mwisho ilikuwa kati ya pikonyutoni 26 na 28.

Njia mbili tofauti zimetoa jibu moja. Kwa nyuzi tano tu kasi ilipanda kwa asilimia 43, na nguvu ikabaki pale pale.

6. Mfano wa kuvuta kamba

Ili tuelewe maana yake, fikiria timu ya kuvuta kamba kwenye michezo ya shule. Watu ishirini wameishika. Nguvu ya timu inategemea ni mikono mingapi imeishika kamba kwa wakati mmoja na kila mkono unabana kiasi gani. Ukifunga kamba kwenye mti wa mwerezi, timu itavuta mpaka mwisho wa uwezo wake bila kusogea hata hatua moja. Hapo utapima nguvu yake, na kasi ni sifuri.

Sasa ondoa mti, uache kamba iende. Kasi inategemea kitu kingine: kila mtu anaachia na kushika tena mbele kwa wepesi gani. Mpigaji ngoma akiharakisha mdundo, mikono itabadilishana haraka na kamba itakuja mbio. Lakini mdundo haujaongeza misuli ya mtu yeyote. Irudishe kamba kwenye mti, nguvu itakuwa ile ile.

Joto, kwa bakteria wetu, ni huo mdundo wa ngoma. Kwa lugha ya kisayansi, watafiti walihitimisha kwamba mtambo una angalau hatua mbili: moja inayozalisha nguvu, na nyingine inayoruhusu kusogea. Halijoto inagusa ya pili na haigusi ya kwanza. Mfano wangu wa kamba una mipaka, kama mifano yote, lakini hilo la hatua mbili ndilo la kushika.

Na angalia uzuri wa mbinu. Wangepima kasi peke yake, wangesema kwamba joto linampa bakteria nguvu, na sentensi hiyo ingeonekana ya kweli kabisa. Ingerudiwa vitabuni na hakuna ambaye angeshtuka. Walipopima cha pili ndipo uongo wa sentensi hiyo ulipoonekana.

7. Mstari una mwisho

Mstari ulionyooka unavutia kuuendeleza. Ukiurudisha nyuma utakwambia kwamba bakteria anasimama kwenye nyuzi 8 hivi. Ukiupeleka mbele utakwambia kwamba kwenye nyuzi 100 anaruka kama risasi. Tunajua hilo la pili ni upuuzi, kwa kuwa protini huharibika kwa joto kali kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni. Mstari ni ushahidi kwa sehemu iliyopimwa tu, kati ya nyuzi 11.5 na 36.5. Nje ya hapo ni dhana.

Vivyo hivyo, tarakimu za M. mobile ni zake. Usizichukue ukamwambia mgonjwa mwenye homa kwamba bakteria waliomo mapafuni mwake sasa wanakwenda kasi mara kadhaa. Kila kiumbe kina jedwali lake, na lazima lipimwe.

Jedwali hizo zinahitajika hapa kwetu. Flavobacterium columnare, bakteria anayeteleza, huwashambulia sato na kambare ngozini na kwenye matamvua, na ugonjwa wake hushamiri maji yanapokuwa na joto. Kwa nchi inayofuga samaki katika vizimba, jambo hilo si la kinadharia. Huko Kenya, chemchemi za moto za Ziwa Bogoria zina mikeka ya sainobakteria wenye umbo la uzi, wa makundi yanayoteleza, kama Phormidium, Oscillatoria na Spirulina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulihusisha sumu za mikeka hiyo na vifo vya heroe wadogo, wale ndege wa rangi ya waridi tunaowaita pia flamingo. Kwenye chemchemi kama hizo, halijoto hubadilika hatua kwa hatua kutoka maji yanapochemka hadi yanapopoa, na kiumbe anayeweza kuteleza anaweza kuhama.

Rwanda nayo ina chemchemi za moto, kandokando ya Ziwa Kivu upande wa Rubavu, na kule Bugarama wilayani Rusizi. Anayetafuta mada ya tasnifu ya mwaka wa mwisho asitazame mbali. Hadubini, kipimajoto, saa na subira vinatosha kuanzia.

8. Amana ya kipimo

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Tuseme wanafunzi wawili, Amina na Yusufu, wamepewa kazi moja ya kupima kasi ya bakteria huyu kwenye maabara moja ya hapa Kigali. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kabla ya jua kuchomoza halijoto ya nje hushuka hadi karibu nyuzi 16, na mchana hupanda hadi karibu 27. Amina amepima saa tatu asubuhi, maabara ikiwa na nyuzi 22.5. Yusufu amepima saa nane mchana, jua likipiga dirishani, chumba kikiwa na nyuzi 27.5. Amina anaandika 2.3. Yusufu anaandika 3.3. Kwenye safu ya halijoto, wote wawili wameandika maneno yale yale: halijoto ya chumba.

Nini kinafuata? Mwalimu anaona tofauti ya asilimia 43 na kudhani mmoja kazembea au katunga. Amina anamtilia shaka Yusufu, Yusufu anamtilia shaka Amina. Halafu linakuja jaribu kubwa zaidi. Usiku kabla ya kuwasilisha, Yusufu anafungua kompyuta na kuishusha 3.3 yake iwe 2.4, ili zifanane na wasigombane. Hapo amechukua kipimo cha kweli na kukigeuza cha uongo. Na amefanya hivyo kwa nia ya kuleta amani!

Wote wawili walikuwa wakweli. Kilichokosekana ni tarakimu moja ya kipimajoto. Ingeandikwa, vipimo viwili visingegombana. Vingethibitishana, na vingekuwa nukta mbili za mstari mmoja.

Tunaijua Suratul Hujurat, aya ya 12, inayotuonya tujiepushe na dhana nyingi. Tunaijua Suratul Israa, aya ya 36, inayotukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na kutukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Na Suratur Rahman inataja mizani iliyowekwa na Mola, na kuamrisha tusiipunje. Tunazinukuu aya hizi tukizungumzia maneno ya watu na kilo za sukari dukani. Daftari la maabara nalo ni mizani. Anayeandika matokeo anatoa ushahidi kwa watu ambao hawakuwapo, na pengine kwa daktari au mfugaji atakayeujenga uamuzi wake juu yake.

9. Walivyofanya waliotutangulia

Jambo hili si geni katika urithi wetu. Al-Khazini alimaliza kitabu chake Mizan al-Hikma mwaka 515 Hijria, sawa na 1121 hivi, akikusanya elimu ya mizani na uzito wa madini na vimiminika, ikiwemo kazi ya Abu Rayhan al-Biruni aliyemtangulia. Katika kitabu hicho, vipimo vya uzito vinaelezwa pamoja na mazingira yake: vilifanywa mahali pamoja, Jurjaniya katika nchi ya Khwarazm, kwa maji ya mto unaojulikana, mwanzoni mwa majira ya kupukutika majani.

Hawakuwa na kipimajoto kama chetu. Lakini walielewa kwamba maji hayako sawa kila mahali na kila msimu, na kwamba msomaji wa mbali ana haki ya kujua kipimo kilichukuliwa wapi, lini na kwa maji gani. Sisi tuna kipimajoto mfukoni, na bado tunaandika halijoto ya chumba.

10. Mambo ya kuzingatia maabara

Weka kipimajoto karibu na slaidi, si ukutani upande wa pili wa chumba. Taa ya hadubini yenyewe hupasha slaidi joto; izime kati ya kipimo na kipimo. Slaidi na maji vikitoka kwenye jokofu, subiri vifikie halijoto unayoitaka kabla ya kuanza. Pima bakteria wengi, si yule mmoja anayekimbia vizuri. Ukipima halijoto kadhaa, usizipange zote kutoka baridi kwenda joto, kwa sababu bakteria wanaweza kuwa wamechoka au wamekosa chakula mwishoni nawe ukalilaumu joto. Zichanganye. Andika saa, halijoto na tarakimu kama ulivyoiona. Na ukipata jibu usilolitarajia, liandike kwanza, ndipo uanze kuuliza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kupungua kwa mnato wa maji hakutoshi kueleza ongezeko la kasi? Toa hoja mbili.
2. Kasi hushuka kwa mstari ulionyooka kadiri mzigo unavyoongezeka, na nguvu ya kusimamisha ni pikonyutoni 26. Bakteria akivutwa nyuma kwa pikonyutoni 13, kasi yake itakuwa ngapi kwa nyuzi 22.5? Na kwa nyuzi 27.5? (Majibu: 1.15 na 1.65.)
3. Jaribio la maganda na ATP la mwaka 2005 lilithibitisha nini ambacho vipimo vya 2002 peke yake visingeweza?
4. Rafiki yako anasema joto humpa bakteria nguvu. Utamsahihishaje kwa sentensi mbili, kwa adabu?
5. Fungua ripoti yako ya mwisho ya maabara. Halijoto imeandikwa kwa tarakimu?

Swali la tano halina alama, lakini ndilo ninalokuomba usiliruke.

Ndugu zangu, tuna mitihani, tuna ada, tuna wazazi wanaosubiri. Ni rahisi kuona kwamba tarakimu moja ya kipimajoto haina uzito mbele ya mambo hayo. Lakini elimu tuliyonayo leo juu ya kiumbe huyu imejengwa na watu waliokuwa makini na tarakimu hiyo hiyo, na atakayesoma kazi zetu kesho anastahili umakini ule ule kutoka kwetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, ulimi mkweli na kalamu kweli, na atuepushe na elimu isiyonufaisha. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.